Nzi Anavyochafua Ushahidi wa Damu: Jaribio la Boksi

Habari zenu watazamaji, karibuni tena Ujiji. Leo tunamtazama nzi na namna anavyompotosha mpelelezi aliyeingia chumba chenye damu. Andaa boksi, manila nyeupe, bomba la sindano, chandarua kuukuu, kipande cha ini na damu ya mbuzi nusu kikombe. Mwenye bucha atakukingia asubuhi. Bandika manila pande zote za ndani. Hiyo mnaiweza, tusonge.

Ukuta wa kushoto, rusha damu kwa bomba, mara moja tu. Iache ikauke. Sasa zungushia kila tone penseli na upige picha, kabla nzi hajaingia! Picha kwanza. Usipopiga sasa, kesho hutajua tone lipi ni lako na lipi ni la nzi.

Weka ini na damu kwenye kisosi, funika boksi kwa chandarua. Nzi hawa wa kijani walio kwenye chupa wametoka Kibirizi, wanapoanika dagaa. Ingiza mdomo wa chupa chini ya chandarua, funga kamba, ndipo utoe kizibo. Kamba kwanza, kizibo baadaye. Eh! Upepo wa ziwa huo, umeinua chandarua. Mwanangu, funga dirisha. Haya, hawajatoka. Mnaona kwa nini nasema kamba kwanza?

Hili hapa ni boksi la juzi. Sogeza kamera, karibu zaidi, hapo hapo. Ukuta wa kulia haukurushiwa kitu, lakini umejaa vidoa. Nzi akishakunywa damu huitapika na kuinywa tena, na kinyesi chake nacho kina damu. Tazama hiki: kichwa kidogo, mkia umepinda na ni mrefu kuliko kichwa. Cha jirani mkia umeelekea juu, kile umeelekea chini. Damu ya bomba mikia yake inafuata uelekeo mmoja. Na hapa katikati pamebaki peupe, nzi amefyonza. Vingi vimejazana karibu na chandarua, mwanga unakoingia. Chumbani, angalia madirishani na kwenye balbu.

Msiseme kemikali itatenganisha. Kipimo cha awali, kile cha kuangalia kama doa ni damu, kitakubali vidoa vyote, maana ni damu kweli, na hata vinasaba vya marehemu vinaweza kupatikana humo. Ukivihesabu kama damu iliyoruka, utasema mtu alipigiwa kwenye kona ambayo hakufika kabisa, na kuna mtu atalala mahabusu kwa hesabu hiyo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sisimizi na mende nao wakitafuna ngozi ya maiti huacha michubuko inayofanana na ya kipigo, au kama kamwagiwa tindikali.

Manila zikikauka ziandike tarehe, uzihifadhi kwenye bahasha ya karatasi. Si mfuko wa nailoni, zitaota ukungu. Karatasi! Osha mikono kwa sabuni. Ini usilitupe, tayari lina mayai. Video ijayo tunayalea mpaka yawe funza.