Fedha ya Meli Tatu: Mhadhara kwa Wanaoanza EVE Online, Mtwara Mjini

Shikamooni wakubwa zangu mlioketi mbele. Na ninyi vijana mliojazana huku nyuma, mambo? Nimepewa nusu saa. Mwenye ukumbi ameshanionyesha saa yake mara mbili na hata salamu sijamaliza, kwa hiyo pengine nitapita mbio, pengine nitatia nanga.

Wengi mnanijua kwa kufungua kompyuta zenu pale Chikongola na kuwaambia kwamba tatizo ni vumbi. Leo sikuja kwa habari ya vumbi. Tangu msimu wa korosho umeisha, vijana wananijia na swali lilelile: "Fundi, nimeanza EVE Online. Nifanyeje nipate meli kubwa haraka?" Mimi huwauliza, meli kubwa ya nini? Hapo hunitazama kana kwamba nimemuuliza mvuvi samaki ni wa nini.

Kwa wazazi mlioburutwa na watoto hadi hapa: huu ni mchezo wa anga za mbali, umetengenezwa na kampuni ya CCP ya Reykjavik, Iceland, na ulifunguliwa Mei 2003. Ukiwaacha Wachina, ambao wana seva yao, wachezaji wote duniani wamo katika ulimwengu mmoja, kwenye seva moja iliyoko London. Mtoto wako wa Shangani anaweza kuuziana madini na mtu wa Brazil, na anaweza kuporwa na mtu wa Urusi. Ndani mna mifumo ya nyota zaidi ya 5,000 iliyounganishwa kwa malango, na mingine zaidi ya 2,500 ambayo haina lango, unaingia kwa matundu yanayofunguka na kufunga yenyewe. Hiyo ya pili mgeni aiache kwanza.

Tangu Novemba 2016 unaweza kucheza bila kulipa, kwa akaunti inayoitwa Alfa. Anayelipia, yaani Omega, hujifunza ujuzi kwa kasi mara mbili yako na huruhusiwa meli ambazo wewe huruhusiwi. Ushauri wangu ni kwamba usilipie hata shilingi mpaka mchezo umekuuma mara mbili na bado unautaka. Na kabla hujajisajili, tafuta mchezaji akupe mwaliko wake. Ukiingia kwa mwaliko unaanza na pointi za ujuzi 1,000,000. Wengi hulijua hilo wiki ya tatu, na hapo hakuna wa kumlalamikia.

Jambo la intaneti. Najua mnaliogopa, maana mnakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika na sote tukakaa tunatazama simu kama mawe. Lakini mchezo huu unatufaa kuliko ile ya kufyatuliana risasi. Seva yake huhesabu mambo mara moja kila sekunde. Mwenzako wa London akibonyeza upesi kuliko wewe kwa sehemu ya tano ya sekunde, mara nyingi amri zenu zinaingia kwenye hesabu moja. Hapa hushindwi kwa vidole. Kinachokula bando ni kupakua mchezo wenyewe, basi pakueni usiku, na mkipata njia mpakulie kwa mmoja kisha mhamishiane.

Haya, tuje kwenye meli kubwa.

Bandari yetu hii ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga. Wazee hapa wanaijua habari hiyo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, wakachukua hata vifaru vya vita vilivyobaki wakavigeuza vya kung'olea visiki, wakajenga bandari hapa na reli ya kwenda Nachingwea. Udongo hawakuupima ipasavyo, wala mvua hawakuisoma. Kongwa, kiangazi, ardhi ilikauka ikawa kama saruji, karanga zikagoma kung'oka. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, baada ya kuteketeza zaidi ya paundi milioni 30. Reli ikaja kung'olewa. Sisi tumebaki na bandari, na bandari ni nzuri, sisemi.

Kila wiki mgeni mmoja hurudia mradi wa karanga ndani ya EVE. Anakusanya fedha miezi miwili, ananunua manowari kubwa, anaingia, anatoka, na kabla jioni haijafika imelipuliwa. Sababu ni kwamba meli hapa ni gamba tu. Bunduki zake, ngao zake, injini yake, kila kimoja kinataka ujuzi wako, na ujuzi huo mgeni bado hana. Manowari kubwa yenye nahodha asiye na ujuzi hupigwa na frigeti tatu, zile meli ndogo za vita, za vijana wanaojua wanachokifanya. Bunduki kubwa hugeuka polepole, kitu kidogo kinachoizunguka karibu hazikipati. Ni sawa na kumpiga mbu kwa mchi wa kinu.

Kanuni yangu ni hii: kabla hujapanda meli yoyote, uwe na fedha ya meli tatu za namna hiyo, pamoja na vifaa vyake. Ukiwa na fedha ya meli moja, huna meli, una wasiwasi. Utakuwa unaogopa kila lango, na mwenye hofu hajifunzi. Ukiwa na fedha ya tatu, ya kwanza ikilipuka unacheka, ya pili unaanza kuelewa kilichokulipua, na ya tatu ndiyo unaipigania. Kwa mgeni, hesabu hiyo humwangukia kwenye frigeti. Basi na akae kwenye frigeti. Mimi mpaka leo napenda Rifter, ambayo ni chuma chakavu kilichofungwa kwa kamba, na sioni haya.

Bima ipo, lakini sikilizeni vizuri: bima hulipa gamba. Vifaa ulivyofunga na mzigo uliobeba haikujui.

Sasa ujuzi, na hapa naomba mwenye kalamu aandike. Kila ujuzi una ngazi tano, na unajifunza kwa muda halisi, hata ukiwa umelala au uko shambani. Ujuzi mwepesi kabisa, ngazi ya kwanza ni pointi 250. Kufika ya pili ni 1,415. Ya tatu 8,000. Ya nne 45,255. Ya tano 256,000. Tazameni pengo kati ya nne na tano. Kwa ujuzi mwingi kila ngazi hukupa faida sawa, kwa hiyo ukifika nne una sehemu nne kwa tano za faida yote, na umetumia chini ya sehemu moja kwa tano ya muda. Ile ngazi ya mwisho peke yake inakula muda kuliko zote nne mara nne na zaidi. Mgeni anayesukuma ujuzi mmoja hadi tano mwezi wa kwanza anachonga mlango wa Kizanzibari kwenye nyumba isiyo na paa. Peleka mingi hadi tatu, ile unayoitumia kila siku hadi nne, na tano uingoje mpaka kuna meli au kifaa kinachokulazimisha.

Ndiyo, binti yangu, nimekuona. Anauliza, je, kuchimba madini? Maana ndivyo walivyomwambia, aanze kwa kuchimba.

Ukifanya kazi za mafunzo za uchimbaji utapewa meli ndogo ya Venture, bure, na utaifurahia. Utakaa kwenye mwamba wa veldspar unatazama mwale wa leza unalamba jiwe. Kuna watu wanapenda, wanasikiliza taarabu huku wanachimba, na sina neno nao. Ila nimeona wageni wengi wakiacha mchezo huu mwezi wa kwanza, na karibu wote walikuwa wamekaa peke yao kwenye mwamba. Chimba siku unayotaka kupumzika. Kazi za mafunzo zifanye zote, za vita, za upelelezi, za biashara, uonje kila chungu kabla ya kuchagua mboga.

Usalama. Kila mfumo una namba. Kuanzia 0.5 kwenda 1.0 ndiyo hai-seki, wana polisi wanaoitwa CONCORD. Chini yake, 0.1 hadi 0.4, ndiyo lo-seki, polisi hao hawaji. Sifuri na chini yake ni pori lenye wenyewe, na wenyewe ni wachezaji. Watu wanadhani hai-seki ni salama. Polisi hawa hawazuii, wanaadhibu. Mtu akikupiga, watakuja na watamlipua, lakini kama alikwisha kupiga hesabu kwamba mzigo wako una thamani kuliko meli yake, atakulipua kwanza, afe kwa raha, na mwenzake anazoa kilichosalia.

Najua kwa sababu nililiwa hivyo. Nilikuwa nimenunua bidhaa kwa karibu kila nilichokuwa nacho, nikazipakia kwenye meli ya mizigo, nikawasha usukani wa kujiendesha nikaenda kula. Usukani ule hauruki hadi langoni, hukushusha kilomita kadhaa kabla, halafu meli inajikokota kama ng'ombe mjamzito. Wali ulikuwa wa nazi na mchuzi wa pweza, sikuona sababu ya kuharakisha. Niliporudi nilikuta nimo ndani ya kile kidonge cha kuokolea roho, naelea, na mtu ameniandikia "asante". Kwa Kiingereza, lakini ilikuwa asante. Tangu siku hiyo nikibeba mzigo naruka kwa mkono, lango kwa lango, na pweza anangoja.

Biashara sitaimaliza leo, lakini nyie ni watu wa Kusini, inawahusu. Soko kuu la EVE ni mfumo unaoitwa Jita. Waliotengeneza mchezo hawakuweka kibao cha kusema soko liwe hapo. Zamani wachezaji waliuzia Yulai, kwa sababu njia kuu zilikutana pale. Njia zikabadilishwa, Yulai ikalala, Jita ikaamka. Kilwa je? Kilwa haikuwa na mgodi wa dhahabu. Dhahabu ilitoka bara, ikashukia Sofala, Kilwa ikakaa katikati ya njia na kutoza chake, na msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu mji. Njia zilipohama, utajiri nao ukaondoka. Basi mgeni asikimbilie kushindana na matajiri wa Jita. Anunue Jita vitu vidogo ambavyo watu wa mifumo ya mbali wanavihitaji leo jioni, risasi, vifaa vya frigeti, awapelekee mlangoni kwa bei ya juu kidogo. Huo ni umachinga, na neno lenyewe husemwa limetoka kwa Wamachinga wa Lindi, kwa hiyo msiniangushe.

Na pale Jita mtakuta wanaoandika "nitumie ISK milioni moja nikurudishie mbili". ISK ndiyo fedha ya mchezo. Mmekulia kwenye korosho ninyi. Mnamjua kangomba, yule anayekuja njaa imekaza, anakununulia korosho ikiwa bado mtini. Huyu wa Jita ni mbaya zaidi, maana kangomba walau anakuachia kitu mkononi. Tena utapeli ule hauvunji sheria ya mchezo, ukilalamika hurudishiwi.

La mwisho, watu. Tafuta kampuni ya wachezaji inayopokea wageni. EVE University inafundisha wageni tangu 2004, na si peke yake. Ukiwa na watu, mtu atakupa frigeti akuambie kazi yako ni kumnasa adui asikimbie, na kwa siku chache za ujuzi unaifanya hiyo kazi sawasawa na mtu wa miaka kumi. Hata wakubwa hawajimudu peke yao. Januari 2014, kwenye mfumo wa B-R5RB, ankara ya kumiliki eneo haikulipwa, mlango ukabaki wazi, na maelfu ya wachezaji wakapigana saa 21. Meli aina ya Titan, kubwa kuliko zote, zililipuka 75. Kwa sababu ya ankara! Mweka hazina wenu wa kikoba asiusikie mfano huu.

Mwenye ukumbi ananinyooshea kidole. Inakaribia saa nane mchana, na hiyo ndiyo saa ambayo seva huzimwa kila siku kwa dakika chache, kwa hiyo hata mkikimbia nyumbani mtakuta imefungwa. Twendeni tukale kwanza. Saa tisa wenye kompyuta mrudi hapa. Nimewanunulia frigeti thelathini, tatu kwa kila mmoja wa kumi wa kwanza. Tutavuka pamoja kwenda lo-seki na tutapigwa, na atakayerudi na zote tatu nitataka kujua alijificha wapi.