Mtoto Anapoharishwa na Maziwa ya Mama Yenyewe

Karibuni wauguzi, matabibu na wazazi mliofika. Leo tunazungumzia ugonjwa mmoja tu kati ya magonjwa adimu ya kurithi ya tumbo la mtoto mchanga: utumbo kushindwa kufyonza glukosi na galaktosi. Nimeuchagua kwa sababu unagongana na mambo mawili tunayoyafundisha kila siku, tena kwa haki kabisa: kwamba maziwa ya mama hayamdhuru mtoto, na kwamba anayeharisha apewe ORS, yale maji ya chumvi na glukosi ya pakiti. Kwa watoto karibu wote mafundisho hayo ni sahihi na yaendelee. Kwa mtoto huyu, vyote viwili vinaendeleza kuhara, na asipotambuliwa mapema anaweza kufa kwa kuishiwa maji akiwa na umri wa wiki chache tu.

Sukari ya maziwa ni laktosi. Maziwa ya mama yana takriban gramu 7 katika kila mililita 100. Ikifika utumbo mwembamba, kimeng'enya cha laktasi huikata vipande viwili, glukosi na galaktosi. Vipande hivyo havipiti vyenyewe kwenye ukuta wa utumbo. Hubebwa na protini iitwayo SGLT1, ambayo kila ikichukua molekuli moja ya sukari huchukua pamoja nayo chembe mbili za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na maji hufuata. Wazo kwamba sukari na sodiamu husafiri pamoja lilitolewa na Robert Crane mjini Prague mwaka 1960, na juu yake ndipo ORS inaposimama: zile gramu 13.5 za glukosi kwenye pakiti ya lita moja zimewekwa ili zivute chumvi na maji yaingie mwilini.

Mtoto huyu amezaliwa na SGLT1 isiyofanya kazi. Ugonjwa ulielezwa kitabibu mwaka 1962, Sweden na Ufaransa, na kasoro ya jeni yenyewe, SLC5A1, ilitambuliwa mwaka 1991.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa kuamini. Mtoto wa kilo 3 akinyonya mililita 150 kwa kila kilo, anapata mililita 450 kwa siku. Ndani yake mna laktosi kama gramu 31. Ikikatwa na isifyonzwe, sukari hiyo ina uwezo wa kushikilia maji zaidi ya nusu lita ndani ya utumbo. Maana yake mtoto anaweza kupoteza maji mengi kuliko aliyoyanywa. Kadiri mama anavyojitahidi kunyonyesha zaidi ili kufidia, ndivyo kuhara kunavyozidi. Mama huyo hajakosea chochote, na aambiwe hivyo waziwazi, kwa sababu ndugu na majirani watakuwa wameshamwambia maziwa yake ni mabaya.

Kuhara huanza siku za kwanza kabisa, mara tu maziwa yanapotoka vizuri. Choo huwa maji matupu, kinatoka kwa kishindo, tumbo limejaa gesi, ngozi ya makalio imebabuka kwa uasidi. Kosa la kwanza hutokea kwenye nepi: choo kinakuwa chepesi kiasi kwamba wanaokiona hudhani ni mkojo, wakasema mtoto anakojoa vizuri. Huku uzito unaporomoka, na mtoto ana hamu kubwa ya kunyonya. Sodiamu ya damu mara nyingi hupanda, na katika hali hiyo ngozi inaweza isionyeshe mikunjo ya ukavu kama tulivyozoea, kwa hiyo msitegemee kubana ngozi ya tumbo peke yake. Mpimeni uzito kila siku, kwa mizani ileile.

Kosa la pili ni kubadilisha maziwa ya kopo moja baada ya jingine. Maziwa "yasiyo na laktosi", pamoja na mengi ya soya, hutiwa glukosi au wanga uliokatwakatwa, na wanga wowote mwisho wake ni glukosi. Mtoto aliyekosa laktasi atapata nafuu kwa maziwa hayo. Huyu wetu hatapata, na kutopata nafuu huko ni dalili yenye thamani kubwa.

Sasa vipimo. Kilicho bora kuliko vyote hakihitaji maabara: msimamishie mtoto maziwa na ORS akiwa wodini, umwekee dripu, kisha uangalie choo kwa saa 12 hadi 24. Kuhara kukikoma na kurudi maziwa yanaporudishwa, sukari ya tumboni ndiyo chanzo. Kukiendelea vilevile, fikiria magonjwa mengine, kama kuhara kwa kloridi kwa kuzaliwa, ambako huonekana zaidi Finland, Poland, Kuwait na Saudi Arabia. Katika ugonjwa huo, kloridi ya choo huzidi milimoli 90 kwa lita na damu huelemea upande wa alkali. Tiba yake ni nyingine kabisa: kurudisha chumvi za sodiamu na potasiamu kila siku.

Cha pili ni kupima sukari kwenye choo. Tandika plastiki ndani ya nepi, la sivyo nepi itanyonya maji yote yenye sukari na wewe utapima makapi. Vuta majimaji kwa bomba la sindano na uyapime yangali mapya, kwa sababu bakteria huila sukari choo kikikaa. Chukua mililita 5 za dawa ya Benedict, ile ya bluu ya maabara inayobadilika rangi ikikutana na sukari, matone 8 ya majimaji, dakika 5 kwenye maji yanayochemka. Ikibaki bluu hakuna sukari. Ikienda kijani, manjano, machungwa hadi rangi ya tofali, sukari inazidi. Lakini mtoto mzima anayenyonya naye anaweza kuonyesha sukari kidogo, basi kipimo hiki kisomwe pamoja na uzito na hali yake. Pima pia mkojo, uliokusanywa kwa mfuko bila kuchanganyika na choo: SGLT1 ipo hata kwenye figo, na glukosi kidogo kwenye mkojo wakati sukari ya damu iko sawa huongeza shaka. Uthibitisho wa mwisho ni kipimo cha jeni.

Matibabu ya dharura ni dripu. Glukosi ya mshipani haimdhuru, maana haipiti utumboni. Sodiamu ikiwa juu, ishushwe polepole, isizidi milimoli 10 hadi 12 kwa lita ndani ya saa 24. Ikishushwa kwa pupa ubongo huvimba na mtoto hupata degedege.

Chakula chake ni maziwa maalumu ambayo sukari yake ni fruktosi peke yake, kwa sababu fruktosi hupita kwa mlango mwingine, GLUT5, ambao kwake ni mzima. Ulaya yanajulikana kwa jina la Galactomin 19. Hapa naomba tusikilizane vizuri: msitengeneze nyumbani. Sukari ya mezani nusu yake ni glukosi. Asali ina glukosi, na chini ya mwaka mmoja ina hatari ya botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli. Tena kuna ugonjwa mwingine wa kurithi ambao mtoto hudhurika ini kwa fruktosi na sukari ya damu ikaanguka, kwa hiyo fruktosi huanzishwa hospitalini, chini ya daktari wa watoto. Ikianza kufanya kazi, choo hubadilika upesi mno, na uzito hufuata.

Akifika umri wa kulishwa, uji, viazi na ndizi havimfai mwanzoni. Mayai, nyama, samaki na mafuta hukaa vizuri. Ustahimilivu huongezeka kadiri anavyokua, ingawa kasoro haiondoki. Dawa za maji zenye sukari ziulizwe kabla ya kutolewa, na figo ziangaliwe, kwani mawe ya figo yameonekana kwa baadhi yao.

Wazazi wote wawili hubeba jeni moja yenye kasoro bila kuugua, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa. Mama akishika mimba nyingine, aieleze kliniki mapema ili mtoto apimwe uzito kila siku tangu kuzaliwa na maziwa ya fruktosi yawepo karibu. Na kwenye kadi ya yule aliyegunduliwa, liandikwe kwa wino mwekundu, kwa ajili ya muuguzi wa zamu ya usiku atakayempokea akiharisha kwa virusi vya rota: asipewe ORS ya glukosi, awekewe dripu mara moja.