Mto Rufiji na mafuriko yake

SALMA: Haya karibuni, leo tuko Rufiji. Kaka Jabiri anza wewe, maana wengi wetu mto huu tunaujua pale Daraja la Mkapa tu, basi linapita tunachungulia dirishani basi imeisha.

JABIRI: Kweli dada. Kilombero na Luwegu ikishakutana pale maporomoko ya Shuguri ndo inaitwa Rufiji, alafu huko mbele Ruaha Mkuu nao unaingia. Bonde lake lote ni kama kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania!

SALMA: Na kule Kilombero ndo kuna sheshe.

JABIRI: Eeh, swala fulani wa rangi ya dhahabu hivi, nampenda sana yule. Anakula majani ya ukingoni, maji yakipanda anasogea nchi kavu, yakishuka anarudi, sasa watu wakishalima mpaka pale pembeni anakosa pa kusogea, na idadi yake imeshuka vibaya.

SALMA: Twende kwenye mlau sasa, kile kilimo cha kufuata mafuriko, maana mtu wa mjini akisikia mafuriko anawaza hasara tu.

JABIRI: Mwanangu, mlau ndo roho ya Mrufiji! Mto unafurika masika, unamwaga tope mashambani, maji yakianza kupwa mkulima anafuata nyuma yake, anachimba kashimo mpaka akute unyevu anadondosha mahindi au kunde, na inaota bila kungoja mvua wala kununua mbolea. Alafu anahamia kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo hukohuko shambani, analinda nguruwe, nyani, na usiku kiboko.

SALMA: Kiboko akiingia shamba la mahindi asubuhi huna kitu.

JABIRI: Huna! Sasa bwawa la Nyerere huko juu mtoni lilianza kujazwa Desemba 2022, megawati 2,115, umeme tunauhitaji mimi sibishi hata kidogo. Ila lile tope linatuama bwawani, halishuki kama zamani.

SALMA: Na 2024 maji yalifurika kweli, Rufiji na Kibiti watu walipoteza nyumba na mashamba.

JABIRI: Ndo maana nasema maji yakiachiwa yaachiwe kwa kufuata kalenda ya mkulima, na watu wa chini wajue mapema, sio mtu anashtukia yako mlangoni.

SALMA: Na huko delta je, pale mto unapoingia baharini?

JABIRI: Delta nako wanautegemea mto huohuo. Mikoko ya pale ni makumi ya maelfu ya hekta, kamba wadogo wanakulia kwenye mizizi yake, maji baridi yakichanganyika na chumvi, wakikomaa wanatoka baharini upande wa Mafia, wavuvi wanawasubiri. Maji ya mto yakipungua chumvi inapanda juu mpaka mashamba ya mpunga, kwahiyo wakikaa kikao cha kupanga maji yatoke lini, mvuvi wa kamba naye awe na kiti mle ndani.