Kabla ya Kushona: Mafunzo ya Juu ya Kuhudumia Majeraha Madogo

Mheshimiwa Mwenyekiti, waganga wafawidhi, wauguzi, matabibu na madaktari, hasa ninyi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja, asanteni kwa kuitikia wito. Nimeombwa nizungumzie mafunzo ya juu ya kuhudumia majeraha madogo, nami nitaanza na hoja inayobeba yote nitakayosema: hakuna jeraha la kuitwa dogo mpaka limekaguliwa na mtu anayejua anatafuta nini. Anayeamua kwa kutazama urefu wa mchaniko au wingi wa damu sakafuni anakisia, na kisio hilo likikosea, anayelipa ni mgonjwa, kwa kidole kisichokunjika au kifundo cha mkono kitakachomuuma miaka yote ya kazi yake.

Wagonjwa ninaowasema mnawafahamu, kwa kuwa ndio wanaojaza mabenchi yenu hapa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Bunju. Ni fundi seremala wa Keko aliyepitiwa na msumeno, mvuvi wa Feri aliyechomwa na mwiba wa samaki, mama lishe aliyerukiwa na mafuta ya moto, mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni akatanguliza mkono, na abiria wa bodaboda aliyeunguzwa shavu la mguu na ekzosi. Wengi wao hawahitaji kulazwa wala kufika Muhimbili. Wanahitaji mtumishi mmoja aliyefunzwa vizuri, taa inayomulika, maji safi ya kutosha na muda usiokatizwa.

Nchi yetu imepiga hatua kubwa katika huduma za dharura. Idara ya Magonjwa ya Dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kuwasomesha madaktari bingwa wa fani hiyo. Baadaye yakaja mafunzo ya msingi ya huduma za dharura ya Shirika la Afya Duniani, yaliyochapishwa mwaka 2018, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoyafanyia majaribio. Nayaheshimu mafunzo hayo na ningependa kila kituo kiwe nayo. Hata hivyo, yametungwa kwa ajili ya mgonjwa asiyepumua sawasawa, anayevuja damu nyingi au aliyepoteza fahamu. Aliyekatwa kidole huachiwa mtumishi aliyeajiriwa juzi, ambaye alijifunza kushona kwa kumtazama mwenzake akishona, na mwenzake naye alijifunza hivyohivyo.

Nitakaa zaidi kwenye mkono, kwa sababu huko ndiko jeraha lenye sura ya udogo linakoficha mengi. Chukueni mfano wa kijana wa karakana ya vioo na alumini aliyekatwa kiganjani, chini kidogo ya kidole cha pete. Mchaniko una sentimita 2, damu imekoma, na kijana anaomba ashonwe haraka awahi kazini. Aliyejifunza kwa mazoea atavuta dawa ya ganzi, atapiga nyuzi tatu, atafunga bandeji na kumruhusu. Aliyepata mafunzo ya juu ataanza kwa kuvua pete, kwa sababu kidole kitavimba. Kisha atamwomba aulaze mkono mezani, kiganja kikiwa juu, naye mkaguzi autazame ulivyotulia wenyewe. Vidole vya mkono usio na jeraha hujikunja kwa mpangilio, cha shahada kidogo na cha mwisho zaidi, kwa hiyo kidole kimoja kilichonyooka peke yake katikati ya vingine kinaonyesha kwamba kano zimekatika kabla mgonjwa hajaulizwa lolote.

Baada ya hapo ataishika pingili ya kati isisogee na kumwambia akunje ncha ya kidole. Isipokunjika, kano ya ndani imekatika. Atavishika vidole vingine vikiwa vimenyooka na kumwambia akikunje kile kimoja katika kiungo cha katikati. Hapo anaipima kano ya juu peke yake. Kumwambia mgonjwa akunje ngumi hakutoshi, kwa kuwa kano moja ikikatika nyingine hubeba kazi yake na ngumi ikafungika vizuri kabisa. Hatimaye atapima hisia katika pande zote mbili za kidole, kila upande kwa zamu yake, maana kila upande una mshipa wake wa fahamu. Haya yote yafanyike kabla ya ganzi. Dawa ikishaingia, hakuna tena awezaye kusema kama mgonjwa hahisi kwa sababu ya kioo au kwa sababu ya sindano.

Ganzi ikishashika, ataosha, atamulika, na kutazama ndani ya kidonda huku kidole kikikunjwa na kukunjuliwa. Hili husahaulika mno. Kijana alipokatwa alikuwa ameshika kioo, yaani vidole vilikuwa vimekunjwa. Akiunyoosha mkono mezani, sehemu ya kano iliyokatwa inasogea kuelekea ncha ya kidole na kujificha chini ya ngozi nzima. Atakayetazama mkono ukiwa umenyooka tu ataona kano nyeupe inayong'aa, ataridhika, na kushona juu ya kano iliyokatika nusu, ambayo huenda ikakatika yote siku chache baadaye mgonjwa akinyanyua ndoo. Akikuta kano au mshipa wa fahamu umekatika, kazi yake inabaki kuosha, kufunika, kuutuliza mkono kwa kipande cha plasta ngumu na kuandika rufaa inayotaja ni kano ipi, mkono upi mgonjwa anaoutegemea, na kazi anayofanya. Daktari wa upasuaji anatakiwa ampate ndani ya siku chache, kwa kuwa zikipita wiki kadhaa ncha za kano hujivuta na kushikamana, na matengenezo yanakuwa magumu zaidi.

Kuhusu dawa ya ganzi yenyewe nitasema jambo moja, la hesabu. Kikomo cha tahadhari cha lidokeini isiyochanganywa na adrenalini ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Chupa ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita. Mtoto wa kilo 10 anaruhusiwa miligramu 30, yaani mililita 1.5 tu, na bomba la sindano la mililita 5 linaweza kuuvuka mpaka huo bila mtu kushtuka. Hesabu iandikwe kwenye faili kabla dawa haijavutwa.

Jeraha jingine la mkono linalohitaji jicho la mafunzo ni mchaniko wa nusu sentimita juu ya kifundo cha kidole, hasa cha kati au cha pete, ambao mgonjwa anasema ameupata mlangoni. Mara nyingi mlango huo ni meno ya mtu. Ngumi iliyofungwa inapogonga jino, vijidudu vya kinywani huingia hadi ndani ya kiungo. Mkono ukifunguliwa, tabaka za ndani husogea na kuvifungia humo. Mgonjwa anaogopa kuulizwa fomu ya polisi ya PF3, kwa hiyo anaficha, nasi tusipouliza kwa upole na faraghani tutashona kidonda ambacho hakipaswi kushonwa. Taratibu za PF3 zina nafasi yake, ila kuosha jeraha na kuanza dawa havingojei karatasi. Mgonjwa wa namna hii huachwa kidonda wazi, hupewa antibaiotiki inayofaa kwa vijidudu vya kinywani, na hupelekwa kuoshwa kiungo katika chumba cha upasuaji pale inapoonekana kimetobolewa.

Mvuvi wa Feri naye anaweza kurudi siku ya tatu akiwa na kidole kilichovimba chote, kimejikunja kidogo, kinachouma kwa ndani kikibonyezwa kutoka ncha hadi kiganjani, na chenye maumivu makali kikinyooshwa na mkaguzi. Dalili hizo 4, zilizoelezwa na daktari wa upasuaji Allen Kanavel wa Chicago mwanzoni mwa karne ya 20, maana yake ni usaha ndani ya ala ya kano, yaani mfuko unaoizunguka, na mgonjwa huyo anapewa rufaa siku hiyohiyo.

Katika kuosha kidonda, wingi wa maji na msukumo wake una uzito kuliko gharama ya maji yenyewe. Tafiti zimeonyesha kwamba maji ya bomba yanayofaa kunywewa hayaongezi maambukizi yakilinganishwa na maji ya chumvi ya hospitali. Kituo kinachotegemea kisima chenye maji yasiyoaminika kiyachemshe kwanza na kuyaacha yapoe. Kipimo cha kawaida ni mililita 50 hadi 100 kwa kila sentimita ya kidonda, zikisukumwa kwa bomba kubwa la sindano. Baada ya hapo liulizwe swali la pepopunda, tena kwa makini zaidi kwa wanaume. Wanawake wengi hupata chanjo hiyo kliniki wakiwa wajawazito, lakini mwanamume anaweza kufika miaka 40 bila kupata dozi yoyote tangu utotoni, na ndiye anayekanyaga misumari kwenye maeneo ya ujenzi. Kwa kidonda kichafu, miaka 5 tangu dozi ya mwisho inatosha kumwongezea nyingine. Asiye na uhakika wa kupata dozi 3 maishani anahitaji pia sindano ya kingamwili zilizo tayari dhidi ya pepopunda.

Nihamie mguuni. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa nchini Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walichapisha kanuni za kuamua nani kati ya waliojeruhiwa kifundo cha mguu anahitaji eksirei. Mkaguzi hubonyeza mfupa kwa nyuma katika sentimita 6 za chini za kila upande wa kifundo, pamoja na ncha zake, kisha humwomba mgonjwa atembee hatua 4. Asiyeumwa mfupani hapo na anayeweza kutembea hatua hizo, kwa nafasi kubwa sana hakuvunjika. Fikirieni maana yake kwa mama aliyeteguka huko Chanika, ambaye zahanati ya karibu haina eksirei na safari ya kwenda hospitali ya Amana itamgharimu nauli na siku nzima ya biashara. Kanuni hii hutumika kwa mgonjwa mwenye fahamu timamu. Mlevi, au mwenye kisukari ambaye miguu yake haina hisia, asihukumiwe nayo.

Kwa majeraha ya moto nitakuwa mfupi. Maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 yana faida hata saa 3 baada ya kuungua, na dawa ya meno aliyojipaka mgonjwa ioshwe yote kabla hamjakadiria kina. Ekzosi huunguza kwa kina kuliko inavyoonekana siku ya kwanza, kwa hiyo mgonjwa arudishwe siku ya pili au ya tatu.

Sasa, mafunzo haya tuyapange vipi? Wapo wanaohofu kwamba kumwachia muuguzi uchunguzi wa namna hii ni kumhatarisha mgonjwa. Mwaka 1999 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Sheffield, Uingereza, uliowagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 1,453 wa majeraha madogo kati ya wauguzi waliopata mafunzo ya juu na madaktari wachanga. Makosa yenye uzito kwa mgonjwa yalikuwa takriban asilimia 9 kwa wauguzi na asilimia 11 kwa madaktari, tofauti isiyotosha kusema kundi moja lilizidi jingine. Mimi nasoma humo kwamba mafunzo yana uzito kuliko cheo, na pia kwamba hata waliofunzwa wanahitaji mtu wa kuwapitia kazi zao.

Kwa hiyo napendekeza kozi isiyoishia darasani. Kushona kufanyiwe mazoezi kwenye miguu ya mbuzi kutoka machinjio ya Vingunguti, ambayo hupatikana kwa bei nafuu na ngozi yake inafundisha vizuri kina cha sindano. Kila mshiriki apitiwe na msimamizi kwa idadi maalumu ya wagonjwa kabla hajaachwa peke yake. Hospitali inayopokea rufaa iandike majibu na kuyarudisha kwa aliyempeleka mgonjwa, kwa sababu tabibu asiyeambiwa kilichokutwa ndani ya mkono ule hana namna ya kujua kama alikagua sawasawa. Nawaomba waganga wafawidhi mlete watumishi wawili kutoka kila kituo, ili mmoja akiwa likizo chumba cha vidonda kisirudi kwenye mazoea.

Baada ya chai tutakaa wawili wawili kwenye meza zile za nyuma. Kila mmoja ataukagua mkono wa mwenzake, kano kwa kano, na kuandika alichokiona kana kwamba anaandika rufaa. Naomba mvue pete na saa kabla ya kuketi.