Gari la Nyuma Linapewa Hewa Iliyokwisha Tumika

Swali hili nimelijibu mara nyingi hapa Mwanza, na leo nimelikuta tena mlangoni kabla sijakaa: eti madereva wa mbio za magari za Formula One siku hizi hawajui kuovateki. Wanajua. Tatizo ni hewa.

Mliokulia visiwani, Ukerewe na Kome, mtanielewa upesi. Nilikuwa mdogo, mjomba kanipakia kwenye mtumbwi wa tanga, upepo mzuri, tunakwenda. Mtumbwi mwingine ukaja kukaa upande unakotoka upepo. Tanga letu lililokuwa limetuna likalegea, likaanza kupigapiga mlingoti, mtumbwi ukapooza. Mjomba hakumtukana yule bwana. Alisukuma usukani, akatutoa pale, na tanga likajaa tena. Aliujua ufundi wake, lakini upepo ulikuwa umeshaliwa na mwenzake.

Sasa twende Abu Dhabi, Novemba 2010, mbio za mwisho za msimu. Fernando Alonso anaongoza kwa pointi, alama 15 mbele ya Sebastian Vettel. Ferrari, timu yake, wanamwita abadilishe matairi mapema ili kumdhibiti Mark Webber, aliyekuwa wa pili kwa alama. Anarudi njiani na kujikuta nyuma ya Renault ya Vitaly Petrov. Mizunguko karibu 40, ndugu zangu! Bingwa wa dunia mara mbili, anaufukuza ubingwa wa tatu, yuko nyuma ya kijana wa msimu wa kwanza na hapiti. Kila akimsogelea kwenye kona, gari linateleza, anarudi nyuma. Akamaliza wa 7. Vettel akashinda mbio na kuchukua ubingwa kwa tofauti ya alama 4. Mtu aniambie Alonso hajui kupita!

Najua mtakalosema: mbona bodaboda akijificha nyuma ya basi barabara ya Shinyanga anavutwa? Kweli, anavutwa, kwa sababu barabara imenyooka. Gari la mbele limeshaipasua hewa, la nyuma halipati upinzani mkubwa. Lakini gari la mashindano linashika lami kwenye kona kwa sababu hewa inalikandamiza chini. Likipewa hewa iliyovurugwa, mkandamizo unapungua, matairi yanaburuzika, yanachemka, na dereva anaingia kwenye lami iliyonyooka akiwa ameshaachwa. Faida ya kuvutwa inamkuta mbali.

Kwa hiyo dawa ni kusafisha hewa inayotoka nyuma ya gari la mbele. Mwaka 2009 watunga sheria za mbio walijaribu: bawa la mbele, kile kibao kinachoifanya hewa ikandamize gari, likapanuliwa, la nyuma likafanywa jembamba na refu kwenda juu. Msimu haujaanza, timu tatu, Brawn, Toyota na Williams, zikaja na difyuza ya ngazi mbili, yaani njia ya kutolea hewa ya chini ya gari kwa nyuma, na mkandamizo uliokusudiwa kupunguzwa ukarudi kwa mlango wa uani. Hili ndilo linaloniudhi. Mhandisi analipwa kushinda, wala simlaumu. Lakini hakuna anayemlipa aijali hewa anayomwachia mwenzake.

Mwaka 2011 ikaja DRS: ukiwa chini ya sekunde moja nyuma ya mwenzako, uliweza kufungua kipande cha bawa la nyuma na kupunguza upinzani. Msiseme ililetwa kwa ajili ya Alonso, ilikuwa imeshaamuliwa kabla ya Abu Dhabi. Nami sikuipenda. Kwenye kona, Alonso alikoumia, haikusaidia kitu.

Tiba ya kweli ilikuwa sheria za 2022. Mkandamizo mwingi ukahamishiwa chini ya sakafu, kwenye mifereji, na hewa ya nyuma ikarushwa juu. Kwa hesabu za Formula One wenyewe, gari la 2021 likiwa mita 10 nyuma ya jingine lilipoteza asilimia 46 ya mkandamizo. La 2022, asilimia 18. Tukaona magari yakifuatana kona baada ya kona. Kisha timu zikaanza tena kuisukuma hewa ya matairi ya mbele nje pembeni, ikamchafulia wa nyuma, mwaka hadi mwaka, na kufikia 2025 madereva walikuwa wanalalamika kama zamani.

Sheria za 2026 nitazipitia haraka, naona saa. DRS imeondoka. Mabawa ya mbele na nyuma yanajilaza kwa magari yote kwenye lami iliyonyooka ili kupunguza upinzani, aliye karibu na wa mbele yake anapewa umeme wa ziada, upana wa gari umeshuka kutoka milimita 2000 hadi 1900, na kuna vibao vya kuivuta hewa ya matairi ndani. Vibao hivyo ndivyo vya kuvitazama. Ningekuwa mkaguzi, ningeacha kupima bawa peke yake; kila msimu ningepima hewa mita 10 nyuma ya gari, na timu iliyoichafua kupita kiwango ingekata bawa lake kabla ya mbio inayofuata.