Hata Aliyepita Ana Tunu Zake

Ndugu zangu, nianze na jaribio lililofanyika Marekani, katika chuo cha theolojia cha Princeton, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1973. Wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson waliwatuma wanafunzi 40, mmoja mmoja, wakazungumze katika jengo la jirani. Baadhi yao mada yao ilikuwa Msamaria Mwema. Njiani alikuwepo mtu amejikunyata mlangoni, kafumba macho, anakohoa na kuguna. Ulikuwa mtego, bila shaka.

Kati ya wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Na mada ya Msamaria haikuleta tofauti ya maana. Wapo walioiendea mbio, wakamruka mgonjwa!

Mnacheka. Wengi husema huo ni unafiki, ila mimi sikubali. Yule mwenye haraka kuna mtu anamngoja upande wa pili, naye ameshakubali kwenda. Kutimiza ahadi si wema pia? Hakukosa tunu, yaani yale mtu anayoyathamini maishani. Alikuwa nazo mbili zikivutana, ikashinda ile iliyokuwa na saa mkononi.

Mwanasaikolojia Shalom Schwartz, aliyezipanga tunu za binadamu katika makundi 10 mwaka 1992, alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyafunga furushi moja tukayaita wema: kuwajali walio karibu nawe, na kuwajali watu wote, hata usiowajua. La kwanza mtu anaweza kuwa nalo tele, la pili likawa haba. Atakesha hospitalini akimuuguza mpwa wake, na kitanda cha pili mgonjwa asiye na ndugu anaomba maji, asisikie. Huyo msimwite mbaya. Mpaka wake ndio umeishia karibu.

Watafiti Samuel na Pearl Oliner waliwahoji watu waliowaokoa Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Katika kitabu chao cha 1988 wanaeleza kwamba wengi walilelewa na wazazi waliopendelea kumweleza mtoto kosa lake kuliko kumchapa, na waliofundisha kwamba haki ni ya kila mtu. Lipo na jingine, husahaulika: wengi walianza kuokoa kwa sababu waliombwa. Tunu zilikuwamo siku zote. Mtu akabisha hodi.

Naona mkono pale nyuma. Karibu, uliza.