Dakika 38 za Mizingani

Mhadhara mbele ya wanafunzi wa uandishi wa habari na wananchi, Mji Mkongwe, Unguja

Assalamu alaykum wazee wangu, ndugu zangu, wanafunzi.

Nimetakiwa nizungumzie namna vyombo vya habari vinavyotueleza vita vya nchi za nje, kila kimoja kwa lugha yake, na kwenye tangazo mmeandika Gaza, Ukraine na Sudan. Nitafika huko inshallah. Lakini walionisikiliza kabla ya leo wanajua ninapoanzia, na leo tena naanzia hapo hapo, maana naona bado halijatuingia: na sisi tuliwahi kuwa vita vya nje vya watu wengine.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa Mizingani, ile njia ya ufukweni hapa Mji Mkongwe, ukutani, nangoja mtu. Akapita kijana mtembeza wageni, nyuma yake watu kumi hivi. Kijana hodari, Kiingereza kimemnyooka. Akasimama, akawaonesha bahari, akawauliza: mnajua vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa wapi? Hapa mlipo. Dakika 38. Wageni wakacheka. Mmoja akasema asubuhi ile ile alingoja chai hotelini muda mrefu kuliko huo. Wakacheka zaidi, na kijana wetu akacheka nao. Wakapiga picha, wakaenda zao Forodhani.

Yule kijana simlaumu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na waliomfundisha ni sisi. Lakini wanafunzi, hebu ichukueni ile kama habari iliyofika mezani kwenu muihariri.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani wa Zanzibar, Hamad bin Thuwaini. Siku hiyo hiyo Khalid bin Barghash akaingia kasri. Waingereza walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed, wakampa Khalid muda: mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zikaanza kupiga mizinga kutoka hapo bandarini, karibu kiasi cha kumuona mtu dirishani, juu ya majumba yaliyojaa mbao. Ndani walikuwamo watu kama 3,000: askari, watumishi, watumwa. Waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500, wanaume na wanawake. Kwa upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, akapona.

Sasa tazameni habari ilivyofungwa. Vitabu mpaka leo vinabishana dakika: huyu anasema 38, huyu 40, huyu 45. Kuna watu wamekaa na kumbukumbu za manowari wakihesabu mzinga wa mwanzo na wa mwisho. Yule baharia mmoja tunajua alikuwa meli gani, ilikuwa Thrush. Na wale 500? Namuuliza mtu yeyote humu ukumbini, nipe jina moja. Moja tu. Nimeuliza hivi kumbi nyingi, Unguja na Pemba, na kila mara huwa kimya kama hiki.

Na lipo neno jengine. Katika barua za Waingereza Khalid anaitwa mnyakuzi wa kiti. Ukishakubali neno hilo, mizinga huna haja ya kuieleza tena. Mnyakuzi kaondolewa, kiti kimerudishwa kwa mwenyewe, kwa dakika 38. Ukiandika badala yake kwamba mtoto wa Sultani Barghash alidai kiti cha baba yake bila ya ruhusa ya balozi wa nchi ya kigeni, msomaji atauliza: ruhusa ya balozi inatoka wapi? Mambo ni yale yale, siku ni ile ile. Mimi simtetei Khalid. Kasri lake lilikuwa na watumwa, na hao ndio waliokufa bila ya kuulizwa wanamtaka nani. Ninachosema ni kwamba neno moja limechagua swali gani liulizwe na lipi lisiulizwe.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tunakasirika tukiona Gaza imegeuzwa tarakimu, kisha tunasimama Mizingani tunauza tarakimu yetu wenyewe.

Haya, nije kwenye kazi.

Machi 2003 nilikuwa natafsiri habari katika chumba kimoja cha habari hapa mjini. Marekani na Uingereza zimeingia Iraq. Habari za mashirika zinashuka kwa Kiingereza, na kila mstari una lile neno lao ambalo kamusi inasema ni "muungano". Nikaandika hivyo: vikosi vya muungano vimefika karibu na Basra, vikosi vya muungano vinakaribia Baghdad. Siku ya tatu au ya nne akaja mama mmoja mtu mzima, kajitanda buibui, mkononi kashika gazeti lililokunjwa mara nne. Akaniuliza: "Mwanangu, Muungano wetu umeingia vitani? Maana kijana wangu yumo jeshini na siku hizi hapigi simu."

Nilimkalisha, nikampa maji. Ilinichukua muda kumfahamisha kuwa muungano ule si huu wetu. Alipoondoka nikarudi kwenye meza nikaisoma upya ile karatasi. Kwa nini niliandika muungano? Ulimwengu haukuungana. Baraza la Usalama halikupitisha vita vile. Waliovuka mpaka na silaha walikuwa Wamarekani na Waingereza, pamoja na askari wachache wa Australia na Poland. Ningeweza kuandika "majeshi ya Marekani na Uingereza", maneno matano tu, na yule mama angelala usiku ule. Neno lililomnyima usingizi lilitengenezwa Washington ili vita vionekane ni vya wengi, mimi nikalibeba kichwani mpaka Unguja kama hamali, bure, wala hakuna aliyenituma.

Tangu siku ile nimekuwa nayasoma magazeti na kalamu mkononi.

Chukueni mabadilishano ya Januari 2025, Gaza. Karibu kila mahali habari ilikuwa: mateka wa Israel wameachiwa kwa wafungwa wa Kipalestina. Mateka ni sawa, watu waliochukuliwa majumbani mwao ni mateka. Lakini wafungwa? Kiswahili chetu kina ngazi. Mfungwa ni aliyehukumiwa. Mahabusu ni anayengoja kesi. Na yuko aliyewekwa kizuizini, hana kesi wala hukumu. Hilo watu wa visiwa hivi hawahitaji kuelezwa. Miongoni mwa walioachiwa walikuwamo waliohukumiwa kwa mauaji, na walikuwamo wanawake na vijana wadogo waliokuwa ndani bila ya mashitaka. Tuliwatia wote kapu moja, "wafungwa", kwa sababu Kiingereza kiliwatia kapu moja. Lugha yetu ilikuwa na maneno matatu tayari mezani!

Na kitenzi. "Watu 30 wamekufa baada ya shambulizi." Shambulizi limetoka mbinguni? Kiswahili kina "wameuawa na", na hiyo "na" inadai jina. Tazameni habari za vita viwili kwenye gazeti moja, siku moja. Nimeona mara nyingi Urusi ikiua watu huko Kharkiv, Ukraine, lakini Gaza watu wakifa tu. Nimeona pia vituo vya upande wa Urusi, huko Waukraine ndio wanaoua na Mariupol ikabomoka yenyewe.

Najua mnaloniambia moyoni, kwamba Mwalimu ana upande. Basi nisikilizeni. Juni 1967, vita vya Israel na nchi za Kiarabu, wazee wetu walijazana barazani kusikiliza Sauti ya Waarabu kutoka Cairo, na waliojua Kiarabu wakiwafasiria wengine. Redio inasema ndege za Israel zinaanguka kwa makumi, ushindi uko mlangoni. Kumbe asubuhi ya tarehe 5 jeshi la anga la Misri lilikuwa limeshaungua chini, viwanjani, kabla ya kuruka. Barazani watu wakapigiana takbira kwa ushindi ambao haukuwapo. Marehemu baba yangu alikuwamo. Alinambia hakulia kwa kushindwa, alilia kwa kudanganywa na sauti aliyokuwa akiipenda. Kwa hiyo asije mtu akanambia kituo fulani ni cha kweli kwa vile kiko upande wetu. Cairo ilikuwa upande wetu.

Niende mbio sasa, naona mwenyekiti anaitazama saa. Urusi, Machi 2022, ilitunga sheria: ukisema uongo juu ya jeshi, kwa kipimo chao, kifungo kinafika miaka 15, na vita vikaitwa operesheni maalumu ya kijeshi. Mwezi huo huo Umoja wa Ulaya ukafunga matangazo ya RT na Sputnik, vyombo vya habari vya serikali ya Urusi. Marekani nayo vita vya Iraq ilivipa jina la operesheni ya uhuru wa Iraq. Linganisheni wenyewe.

Jambo la nani anayelipia habari nalo lilitaka saa nzima. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1957, redio ya Beijing 1961, Sauti ya Amerika ya Washington 1962, redio ya Ujerumani 1963, na ya Tehran nayo ipo. Vita vya dunia tunavisikia kwa lugha yetu, kwa pesa za serikali za watu. Waliomo humo wengi ni ndugu zetu, wametoka mitaa hii, na kazi yao naiheshimu. Lakini Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamaza kwa amri iliyotiwa saini Washington, na msikilizaji wa Wete, Pemba, hakuwa na wa kumuuliza.

Sudan nimeikosea leo. Vita tangu Aprili 2023, mamilioni wamehama makwao, nami nimebakiwa na dakika mbili. Mtanisamehe.

Lakini Goma siiachi. Waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki ya Kongo, mwishoni mwa Januari 2025. Mama anayeuza makaa Goma anasema Kiswahili. Si chetu hiki, kina ladha yake, lakini mtu wa Chake Chake ataongea naye bila ya mkalimani. Basi niambieni kwa nini habari yake mnaitoa kwenye Kiingereza, iliyotoka kwenye Kifaransa, iliyotoka kwenye Kiswahili chake yeye? Simu mnazo mikononi, mnazichezea hapa mbele yangu. Jumamosi kila mwanafunzi aniletee habari moja ya Goma iliyotoka kwenye mdomo wa mtu wa Goma, na chini ya kila "wamekufa" apige mstari aandike nani kaua. Kama hajui, aandike nani kasema nini, na yeye kamuulizaje.

Hiyo adhana ya Alasiri. Maswali tutayapokea baada ya sala.